Kaburi la Ndani ya Ua

Kamanda wa polisi alipokuja nyumbani kuniuliza kaburi la binti yangu lichimbwe wapi, shemeji yangu alikuwa ameshaanza kulichimba. Vijana wa ukoo walikuwa nje ya ua wa minyaa, karibu na njia ya kwenda kisimani, na shimo lilikuwa limewafika magotini. Hakuna aliyeniuliza mimi. Nilikuwa nimekaa mkekani siku ya pili ya msiba, macho yamevimba, nikasikia jembe likigonga udongo upande ambao halikupaswa kugonga.

Niseme mapema, mimi si mtu mpole. Nilizaliwa upande wa Kenya, kwa Wasamia, nikaolewa huku Mulanda, upande wa Uganda, na miaka yote hii wananiita yule Mkenya, hasa nikifungua mdomo. Nauza mukene, dagaa wa ziwani, sokoni Busia, na sokoni ukiwa mpole utarudi nyumbani na gunia lako vilevile. Mume wangu alikufa mabinti zetu wakiwa wadogo. Walikuwa wawili tu, wa kiume hatukujaliwa. Yeye amezikwa ndani ya ua, mbele ya nyumba, upande wa kulia. Nilitaka jambo moja: mwanangu alale pale, kando ya baba yake.

Mila nilikuwa naijua, nisijifanye. Hata kwetu ng'ambo, msichana mkubwa ambaye hajaolewa akifa hazikwi ndani. Anawekwa nje ya ua, pembeni, bila maneno mengi, kwa sababu wanasema boma hili halikuwa lake, lake lilikuwa kwa mume ambaye hakumpata. Niliwahi kwenda mazishi ya namna hiyo, nikala wali, nikarudi kwangu. Sikuona ubaya wowote. Lakini huyu wangu alikuwa polisi, alikufa kazini, na wenzake walikuwa wanaleta bendera. Nikadhani bendera itabadilisha mambo.

Acha nimseme kidogo, maana siku ya mazishi wasemaji walimsifu mpaka nikawa simtambui. Alikuwa mbishi. Mdomo aliurithi kwangu, ila yeye hakuwa anapandisha sauti. Walipompanga kazi pale mpakani nilifurahi, nikajua mizigo yangu sasa itavuka bila usumbufu. Siku ya kwanza nikafika na magunia mawili juu ya baiskeli ya mbebaji, nikamkuta amesimama, gwanda limenyooshwa, nikamtabasamia.

"Mama, fungua gunia," akasema.

"Wewe! Gunia langu?"

"Lako, mama. Na hilo lingine."

Watu wote wa mstarini wakaangua kicheko. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akapekua mukene wa mama yake mzazi mbele ya umati. Jioni akaja kwenye meza yangu sokoni, akanunua kwa bei ya watu wote, akaniambia, "Nikikuachia wewe, kesho nitamwambia nani afungue?" Nilimsema siku nzima, nikamsema na kesho yake. Moyoni nilijisikia vizuri sana.

Aliyemuua alikuwa na pikapu jeupe. Ilikuwa alasiri, barabara ya vumbi upande wa Buteba, kizuizi cha kamba na mawe. Gari lilibeba magendo, ndivyo walivyosema. Wenzake wawili waliruka mtaroni. Yeye aliinua mkono, na dereva hakupunguza mwendo. Mpaka leo dereva hajakamatwa. Nikiona pikapu jeupe linapita sokoni, naangalia mbele yake kama kuna mahali palipobonyea.

Walikuja watatu kuniambia, mkuu wa kituo na polisi wawili wa kike. Nilikuwa napepeta mukene kutoa mchanga. Walivua kofia kabla hawajafika mezani, na soko likanyamaza, hata kipaza sauti cha muuza sumu ya panya kikazimwa. Sikulia pale. Nilifunga gunia kwanza, nikakaza kamba, nikawaambia twendeni. Sijui kwa nini nilifunga gunia.

Basi, kamanda alikuwa amesimama uani siku ile. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, ndiye msemaji wa ukoo. Hapigi kelele huyo mtu. Nimegombana na wanaume wengi maishani, wanaopiga kelele nawaweza. Kamanda akampa ratiba: misa, hotuba, gwaride, risasi hewani, bendera. Kisha akauliza kuhusu kaburi, na shemeji akaonyesha nje kwa fimbo yake.

Nikainuka mkekani. "Afande, hapo si pake. Pake ni hapa, kando ya baba yake."

Shemeji hakunigeukia. Alimwambia kamanda, taratibu, "Msichana asiyeolewa akilala ndani ya ua, anawaita wenzake. Mwaka hauishi. Na nyumba hii imebaki na mmoja."

Wote wakageuka kumtazama binti yangu mdogo. Alikuwa ameinama anaosha vikombe. Mikono ikasimama ndani ya maji, lakini hakuinua kichwa.

Kamanda alisema Kiswahili cha polisi wa Uganda, kifupi, hakipambwi. "Mama, sisi tunazika askari yetu. Lakini pahali ya kaburi ni ya familia. Nyinyi mukubaliane, halafu mutuambie." Akaingia garini, akaondoka.

Kuanzia hapo watu wakaanza kunipungua. Hawakuaga. Asubuhi kulikuwa na wanawake kumi jikoni, mchana wakawa wanne, na sufuria la posho, ugali wa huku, likaungua kwa kukosa mtu wa kulikoroga. Jirani yangu, ambaye tumelimiana mashamba miaka mingi, alinishika mkono akaninong'oneza, "Acha tu, dada. Una mmoja." Nikamwambia aondoke mbele yangu. Akaondoka kweli, na hakurudi kulala matangani.

Niliwaomba vijana wanichimbie ndani. Walitazamana, wakalaza majembe chini, mmoja akasema baba mkubwa amekataa. Nikasema sawa. Nikafunga kanga kiunoni, nikachukua jembe, nikaanza mwenyewe, hapo kando ya mume wangu. Shemeji aliagiza kiti, akakaa umbali wa hatua tano hivi, akanitazama. Nilipiga jembe la kwanza, la pili, la tatu.

"Chimba, shemeji," akasema. "Ukimaliza utatuambia umemchimbia nani."

Jembe la nne sikulipiga. Si kwamba niliamini. Ninaenda kanisani, nasali. Lakini nilimwona binti yangu mdogo mlangoni, ananitazama, na jembe likawa zito. Nikaliacha kwenye udongo, nikaingia ndani, nikalia mpaka sauti ikakauka.

Huyu mdogo ni tofauti na dada yake. Hapendi kelele. Siku polisi walipokuja kufanya mazoezi ya gwaride uwanjani, alijiziba masikio kwa mito hata kabla bunduki hazijashushwa garini, na ni mtu mzima wa miaka ishirini. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Tororo. Barua ya chuo aliitia ndani ya Biblia yake, na kila baada ya siku mbili tatu alikuwa anaitoa, anaisoma tena, anairudisha. Dada yake ndiye aliyekuwa amemwahidi viatu vyeupe.

Siku ya mazishi jua lilikuwa kali na watu walijaa, maana jeneza lenye bendera halionekani kila siku Mulanda. Wale waliokuwa wamenikimbia jikoni wote walirudi, wamevaa magauni yao mazuri ya gomesi. Shimo la nje lilikuwa limekamilika, limefunikwa na mabati. Ndani hapakuwa na shimo, ila alama ya majembe yangu matatu. Nilikaa mbele, karibu na jeneza, na nilikuwa nimeamua kunyamaza. Nilikuwa nimemwahidi padri. Haki ya Mungu nilijaribu.

Kamanda alitoa hotuba yake. Alimsifu, akawataja wengine waliokufa mpakani, akasema serikali haitasahau. Kisha akasema, "Na jeshi la polisi limetoa nafasi moja kwa hii familia. Kama kuna mutoto mwenye masomo, mutupatie jina, tutamuchukua mafunzo. Hiyo ndio heshima yetu kwa marehemu."

Watu wakapiga makofi. Shemeji akasimama, akavua kofia, akashukuru vizuri sana. Halafu, kwa sauti ile ile ya taratibu, akasema kwamba kwa bahati mbaya ndugu yake hakuacha mtoto wa kuendeleza boma, kwa hiyo nafasi hiyo itarudi kwenye ukoo, wazee watakaa na kutoa jina la kijana mmoja. Akaomba vijana wabebe jeneza, tutoke sasa kuelekea kaburini. Nje.

Hakuacha mtoto! Na mwanangu yuko pale mezani, ndani ya sanduku, amevikwa bendera ya nchi! Nilisimama, nikaweka mkono juu ya jeneza, na maneno yakanitoka kabla sijayachagua.

"Nani hakuacha mtoto? Huyu ni nani? Alivaa gwanda, akasimama barabarani wanaume wakikimbilia mtaroni, na nyinyi mnataka kumtupa njiani mbuzi wamkanyage? Afande, andika. Mtoto wa nafasi hiyo yupo. Ni huyu hapa, mdogo wake. Nimewapa. Mchukueni naye! Halafu mtu aniambie tena boma hili ni la nani. Mtoto wa serikali halali nje ya ua!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Walewale wa jikoni, na jirani yangu akiwemo. Kamanda akasimama wima, akanipigia saluti, mimi muuza mukene. Akageukia shemeji. "Muzee, mama ametoa watoto wawili kwa serikali. Mimi siwezi kubeba askari yangu mupaka inje." Akawaagiza polisi wavue mashati ya sherehe. Wakachukua majembe ya vijana, wakachimba wenyewe pale kando ya baba yake, kwa zamu, jasho likiwatoka, na watu wote wakangoja juani.

Shemeji hakubisha hata neno moja, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Alisogea karibu nami, akanisemea sikioni. "Umesema mkono wako ukiwa juu yake. Mimi sikukulazimisha."

Kwa watu wa hapa, ahadi ukiitoa mbele ya maiti, mkono wako ukiwa juu ya jeneza, hutengui. Marehemu amekuwa shahidi wako. Unaweza kumdanganya aliye hai ukaenda kumwomba radhi, lakini aliyezikwa na neno lako utampata wapi. Hilo pia nilikuwa nalijua. Nililijua vizuri kabisa, kama nilivyoijua ile mila ya ua, na bado.

Tukamzika ndani. Risasi zikapigwa, watoto wakakimbilia maganda. Kwenye shimo la nje wazee walizika mgomba siku hiyo hiyo, kwa sababu kaburi lililochimbwa haliachwi tupu. Walichagua mgomba mwembamba, wa urefu wa msichana, wakaushusha kwa heshima wakaufukia. Nilikuwa nimeshinda. Watu walinipongeza, wakaniita mama wa polisi, na mimi nilikuwa natafuta tu uso mmoja kwenye umati na siuoni.

Nilimkuta nyuma ya jiko. Hakuwa analia.

"Mama, uliniuliza?"

"Nilikuwa na hasira, mwanangu."

"Najua," akasema. "Mimi nilikuona."

Nilingoja wiki mbili, nikaenda Tororo kumwona kamanda. Nilivaa vizuri, nikabeba kuku. Nilimweleza kwamba ulikuwa mdomo tu, mdomo wa mama mwenye uchungu, kwamba mtoto anataka kuwa muuguzi, anaogopa hata mlio wa pikipiki. Hakunicheka. Alisema jina limeshapanda juu, lakini mtu halazimishwi kuwa polisi. "Yeye mwenyewe akuje aseme hataki. Ni hivyo tu, mama." Nilirudi nimekaa nyuma ya boda na kuku wangu, nafurahi, naimba. Nilijua nimemwokoa.

Nikamwambia jioni tukichambua mboga. Akasikiliza mpaka nikamaliza.

"Siendi kusema hivyo," akasema.

"Kwa nini, jamani?"

"Baba mkubwa alipita jana ulipokuwa sokoni. Aliniuliza naenda lini mafunzo. Na juzi aliuliza. Na Jumapili, nje ya kanisa, mbele ya watu." Aliendelea kukata majani, kisu hakikusimama. "Nikikataa, watasema ulidanganya juu ya jeneza ili dada apate kulala ndani. Watakaa kikao. Unajua watamfanya nini."

Nilijua. Watamfukua. Watamtoa mwanangu kando ya baba yake, waufukue na ule mgomba, wamlaze yeye kule nje. Kuna familia ilifanyiwa hivyo, upande wa Nagongera, na mama wa yule maiti hajaongea tena vizuri mpaka leo. Nilitaka kumwambia aache, afe aliyekufa, kaburi ni udongo. Maneno hayo yalifika hapa kooni. Nilimtazama, nikafikiria sauti ya jembe usiku na mchana pale mbele ya dirisha langu, na sikuyasema. Mimi, ambaye sijawahi kukosa la kusema. Hilo ndilo ninalolikiri hapa, na hata kwa padri sijaliungama.

Barua ya chuo ilikaa ndani ya Biblia mpaka tarehe yake ikapita.

Alikwenda mafunzo na sanduku la dada yake. Alinipigia simu Jumapili tu, dakika chache, na kila mara alisema yuko salama, amekula, baridi imepungua. Sikumwuliza kuhusu bunduki. Kijijini shemeji alibadilika kabisa. Alinisalimia kwa mikono miwili. Aliwatuma vijana waniezekee jiko. Mahindi yangu yalipaliliwa kabla sijaomba, na kila nilipoonyesha mshangao waliniambia, wewe ni mama wa polisi. Nilikuwa nikiwaona wanaingia uani na majembe yao, nadhani wamekuja kufukua, na wao wananiuliza tu waanzie wapi.

Alimaliza. Walimpanga mpakani, Busia. Sikuomba, wala yeye hakuomba. Alikuja nyumbani siku tatu kabla ya kuripoti, amekonda, amekomaa, gwanda limenyooshwa, na nilipomwona langoni nusura nimwite jina la dada yake. Hakuziba masikio tena. Mlango ukibamizwa, anageuka tu kuangalia ni nani.

Siku ya pili yake, asubuhi baada ya misa, shemeji akaja na wazee wawili. Walileta jogoo, mweupe, mkubwa. Nikawatandikia viti, binti yangu akaleta chai. Walimsifu, wakamwambia amesimamisha nyumba ya baba yake. Shemeji alikunywa kikombe chake mpaka chini, akakiweka, akaniomba nisimame naye kidogo.

Tulikwenda mpaka makaburini. Pale kando ya kaburi la binti yangu, upande wa pili, palikuwa na vijiti vinne vimepigwa ardhini na kamba imezungushwa. Sikuwa nimeviona asubuhi. Nyasi za katikati zilikuwa zimefyekwa.

"Tumekaa na wazee," shemeji akasema, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikaona macho yake yamelowa. "Yaliyopita tumekosa, shemeji. Tulikuaibisha mbele ya serikali. Kwa huyu mdogo, siku yake ikifika, hatutakusumbua. Pake ni hapa, kando ya dada yake. Hakuna atakayelima hapa, hakuna atakayejenga. Hata akija kesho, yuko nyumbani."

Alimaanisha wema. Wazee wale wawili walikuwa wamevua kofia. Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yetu na sinia la vikombe, ameyasikia yote, anatazama kile kipande cha ardhi, urefu wake, upana wake. Walikuwa wananingoja. Ndicho nilichokuwa nimekipigania mbele ya kijiji kizima.

"Asante, shemeji," nikasema.